Utepe wa Rangi Tatu Kakesio

Wenzangu mliobaki kazini, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu ambaye hana tena pa kuwahi apewe saa. Mlinitaka pia niseme machache, nikasema mawili nikakaa, maana wali ulikuwa unapoa. Hayo mengine nayaandika hapa. Vyeo na mshahara sitaviandika. Vyeo vilichelewa na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika miaka ya mwanzo, nilipokuwa Bibi Maendeleo mwenye viatu vya raba na mdomo mwepesi, na nitaandika kosa nililolifanya Kakesio, ambalo nusura limwondoe mtoto wa watu.

Mimi ni mzaliwa wa Ganako, Mwiraqw wa jembe na maharage. Nilianza kazi katikati ya miaka ya sabini, nyumba nyingi zikiwa bado mpya na zimepangwa mistari kama darasa la kwanza, watu wakiwa wamehamishiwa vijijini juzijuzi tu. Nikapangiwa hapohapo Ganako. Nilidhani nimependelewa. Kumbe kufanya kazi nyumbani ni sawa na kumfundisha shangazi yako kupika.

Siku ya kwanza nilifika uwanja wa kijiji nikiwa na bango la makundi matatu ya chakula: cha kujenga mwili, cha kutia nguvu na cha kulinda mwili. Kwenye cha kujenga mwili walikuwa wamechora samaki mkubwa mwenye macho ya huruma. Ganako samaki tulimjua kwa kusikia. Niliongea saa nzima bila kumeza mate. Nilipomaliza, mama mmoja jirani yetu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, aliinua mkono. "Mwanangu," alisema, "yai tule, au tuuze tununue chumvi? Maana bango lako halijasema." Wanawake walicheka, nami nikakunja bango.

Aliyeniokoa ni Mzee Gwandu, bwana afya wetu, mtu mrefu mwenye baiskeli isiyo na breki wala kengele. Alikuwa anasimama kwa kuburuza mguu, ndiyo maana kiatu chake cha kulia kilikuwa kinakwisha kabla ya cha kushoto. Siku hiyo alikuwa ameketi nyuma kabisa ya mkutano akinitazama. "Binti," aliniambia watu walipotawanyika, "kabla hujafungua mdomo, funua chungu." Nilidhani ni methali ya wazee. Haikuwa methali, ilikuwa ratiba ya kazi. Kesho yake alinichukua nyumba hadi nyumba: anapiga hodi, anasalimia, anauliza hali ya ng'ombe na mvua, kisha anaomba ruhusa ya kuona kinachopikwa. Wiki mbili nzima tulifunua vyungu tu.

Nilichokiona humo hakikuwa kwenye bango. Maharage yalikuwepo. Tatizo ni kwamba yalipikwa kwenye makande, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa anayameza mazima, yanatoka kama yalivyoingia. Aliyewahi kufua nguo za mtoto anajua ninachosema. Tukaanza kukaanga maharage, kuyasaga na mahindi, kisha kupika uji: vikombe vitatu vya mahindi, kimoja cha maharage, na kijiko cha samli au mafuta juu yake kama yapo. Uji uwe mzito, usianguke kutoka kwenye kijiko kama mvua. Jirani yangu wa mayai ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupika, na ndiye aliyekuja kudai kwamba alianza yeye, mimi nikamwiga. Nilimwachia, maana mtoto wake alinenepa.

Mzani wetu ulikuwa wa kuning'iniza, una ndoano, na mtoto anavalishwa suruali ya turubai yenye kamba. Tuliutundika kwenye boriti za nyumba za watu. Katika miaka ile nimekojolewa na nusu ya watu ambao sasa ni wenyeviti wa vitongoji Ganako, na wakinisalimia kwa majivuno huwa natabasamu tu.

Mzee Gwandu alinifundisha jambo jingine, ambalo baadaye liliniponza, ingawa lawama si yake. Aliniambia, "Usimwambie mama mbele ya wenzake kwamba mtoto wake hali yake mbaya. Leo atakusikiliza kwa heshima, kesho humwoni." Kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu. Mtoto akiwa amedhoofu, nilikuwa nasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu ni wa kwanza, tutamtazama kwanza." Ganako kila mama alijua maana yake: nenda nyumbani ukabandike chungu. Hakuna aliyeaibika, na watoto walipona. Nikajiona nimeiva.

Mwaka wa nne nikaambiwa nipande juu, Ngorongoro, nikahudumie Endulen na Kakesio. Bibi yangu alilia kama vile ninapelekwa vitani. Enzi za ujana wake, sisi na Wamasai tulikuwa tunasalimiana kwa mikuki, na sababu ilikuwa ng'ombe, kama kawaida. "Huko watakulisha damu," alisema. Nilimjibu kwamba ninaenda kuwalisha wao maharage. Akasema hiyo ndiyo itakayowaudhi zaidi, na hapo hakukosea sana.

Kazi kule ilikuwa na ugumu wake. Ndani ya hifadhi kulima kulikuwa kumekatazwa. Wanawake waliokuwa na vishamba vya mahindi nyuma ya boma, vishamba vya ukubwa wa zizi la ndama, walikuwa wameambiwa waviache. Maziwa yalikuwepo, lakini kiangazi wanaume na morani walihamisha ng'ombe kwenda mbali kutafuta majani, na maziwa yakaondoka na ng'ombe. Nyumbani walibaki wanawake, wazee na watoto, na ng'ombe wawili watatu waliokonda. Mahindi yalikuja kwa lori, na lori lilikuja likipata mafuta. Miaka ile mafuta yalikuwa habari ya kusimuliana.

Nikafanya nilichokijua. Ganako maharage yalikuwa yanajaa na samli ilikuwa adimu. Endulen samli ilikuwepo kila baada ya mvua, na maharage hakuna. Nilikaa na wanawake wa pande zote mbili, kila upande ukiuliza kama ule mwingine unaoga, na hatimaye tukakubaliana siku ya kukutana upande wa Oldeani, mwisho wa njia ya punda. Kibuyu kimoja cha samli kwa debe moja la maharage. Mara ya kwanza walikuja watu kumi na moja na wakabishana mpaka jua likageuka. Mara ya tatu walikuwa wanaulizana habari za wajukuu. Hilo nilijivunia na bado najivunia. Endulen watoto walianza kunywa uji wenye maharage, ingawa bibi zao walikuwa wanauita chakula cha wenye majembe.

Kakesio ilikuwa mbali zaidi, na huko nilifika mara moja kwa mwezi kwa Landrova ya kliniki. Mkalimani wangu alikuwa Loserian, mhudumu wa afya aliyekuwa akiishi Endulen, mtu wa makamo, mpole, asiyesema neno ambalo hakuulizwa. Siku ya kwanza nilitundika mzani kwenye tawi la mgunga, nikamvalisha mtoto suruali ya turubai, nikamning'iniza. Wanawake waliinuka wote kwa pamoja wakaondoka na watoto wao. Aliyekuwa ananing'inia alichukuliwa na mama yake huku akinitazama mimi kama mwizi.

"Kuna nini?" nilimuuliza Loserian.

"Dada, hapa kinachotundikwa mtini ni mbuzi aliyechinjwa," alisema. "Halafu umetaja kilo zake mbele ya watu. Watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Hukuuliza."

Mzani ukarudi kwenye sanduku lake. Mwezi uliofuata nikaja na utepe. Ulikuwa umekatwa kutoka kwenye picha kuukuu za eksirei, mwembamba kama kidole, umepakwa rangi tatu. Unauzungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko, unatazama mwanzo wa utepe umekutana na rangi gani. Mkono mwembamba sana unaangukia kwenye nyekundu. Wa kati, njano. Mkono wenye nyama, kijani. Hakuna kutundika wala kutaja namba, na hata mama asiyejua kusoma anaweza kupima mwenyewe. Niliupenda utepe ule kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa na serikali.

Wanawake wa Kakesio nao waliupenda. Walikaa, wakajipima wao kwa wao, wakacheka. Kati ya watoto waliopimwa alikuwepo Naserian, wa miaka miwili na kidogo. Mama yake, Nashipai, alikuwa amejifungua mwingine majuma machache kabla, kwa hiyo Naserian aliachishwa ziwa na kuhamia kwa bibi yake, Koko Noonkishu, kama ilivyo desturi yao. Koko alikuwa mwanamke mrefu, jicho moja limeingia ukungu, mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe na watu. Tulimzungushia Naserian utepe. Nyekundu.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Sikusema mtoto ana hali mbaya. Nilisema, Loserian akatafsiri neno kwa neno, "Watoto wa nyekundu ndio wa kwanza. Hao tutawatazama kwanza." Halafu, kwa kuwa nilitaka wanawake wajisimamie wenyewe wasimngoje Bibi Maendeleo kama mvua, niliwaachia magunia mawili ya unga wa uji na nusu ya tepe zangu. Nikasema, "Gawianeni kwa kutazama rangi." Sikueleza zaidi. Nani asiyejua nyekundu ni nini? Nilisahau kwamba hata mimi taa za barabarani nilikuwa nimeziona kwenye picha ya kitabu cha mafunzo tu.

Mwezi uliofuata Landrova haikupata mafuta. Uliofuata huo tulipata, nikaenda nikiimba njia nzima. Tulipofika Kakesio wanawake walitupokea kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Niliinamisha kichwa mbele ya Koko Noonkishu, akanigusa utosini kwa mara ya kwanza, akanishika mkono, akaniongoza hadi mlangoni kwake. Alitaka kunionyesha kitu.

Naserian alikuwa ameketi juu ya ngozi, amevishwa shuka mpya nyekundu. Shingoni shanga nyekundu, mikononi shanga nyekundu. Amepakwa udongo mwekundu paji la uso kama watu wanavyojipaka siku ya sherehe. Mashavu yamejaa, na miguu imejaa hadi vidole vimejitenga. Nywele zake, ambazo zilikuwa nyeusi, zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu na zimelala kama majani makavu. Nzi alitembea kwenye mdomo wake, na hakumfukuza.

Koko alisema kwa fahari, Loserian akatafsiri polepole, sauti ikimshuka, "Anasema tazama, amenenepa. Hata nywele zimekuwa nyekundu. Anasema dawa ya utepe wako ni kali."

Nilipiga magoti, nikabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo lilibaki palepale, halikurudi. Mnaosomea kazi hii mnajua huo si unene, ni maji.

"Unga alipewa nani?" niliuliza.

Walipewa wa kijani na wa njano. Kwa hesabu yao, watoto wa nyekundu walikuwa wamekwisha kufika, wale wengine ndio waliohitaji kusaidiwa wafike. Koko mwenyewe alisimamia ugawaji, na kwa haki, hakujipendelea hata kikombe. Watoto wa kijani wa Kakesio walikuwa wananing'iniza mashavu.

Nilimvuta Loserian pembeni ya gari. Nilikuwa na hasira, na kama ilivyo kawaida ya mwenye kosa, nilianza na mwingine. "Ulijua?"

"Dada, kwetu nyekundu ni damu ya ng'ombe, ni shuka ya morani. Ni rangi ya baraka. Nani ataambiwa mtoto wake ni wa nyekundu, tena ni wa kwanza, akalia? Mimi nimesoma, nilielewa unasema hatari. Nikadhani umeamua kuificha kwa adabu. Ukificha, mkalimani nifichue?"

Adabu ilikuwa yangu, rangi ilikuwa yangu, na aliyevimba alikuwa mjukuu wa mtu. Nilijua mambo mawili pale pale: Naserian anaweza kufa kabla juma halijaisha, na akifa, hakuna mama wa Kakesio atakayepokea tena kitu kutoka mkononi mwangu. Hilo la pili lilinisumbua, sikatai. La kwanza ndilo lililonifanya nimwite dereva.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kule Endulen mchana uleule. Nashipai hakuweza kumwacha mchanga, kwa hiyo alikuja Koko, aliyekuwa hajawahi kupanda gari. Alimpakata mjukuu wake na kunitazama njia nzima kwa lile jicho zima. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema, lakini mikono ya yule bibi ilikuwa imechoka tulipofika, na hakukubali nimpokee.

Wauguzi walimwambia Koko ukweli, bila kuzungukazunguka kama mimi. Alisikiliza. Kisha akaniita mimi na Loserian, akauliza swali moja. "Nyekundu kwenu ni nini?"

Nilimwambia. Nilisema kwa serikali nyekundu ni hatari, ni simama, na kwenye utepe ni mtoto anayekufa njaa. Nilisema sikumweleza kwa sababu nilimwonea haya, na kwamba kosa ni langu. Koko akaanza kumvua mtoto shanga, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye pindo la shuka yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mpaka muuguzi mmoja akaniambia nitoke nje nisiwatie wagonjwa hofu.

Landrova ilirudi kituoni Karatu bila mimi. Nilibaki, na niliporudi nilikuta barua ya kutakiwa nijieleze kwa nini nimekaa nje ya kituo siku tisa. Nilijieleza kwa sentensi moja, wakaona ni jeuri. Mtoto wa namna ile halishwi kwa pupa. Anapewa maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta kidogo, kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa, na ukimharakisha unamuua. Kibaya zaidi kuliko uvimbe ni ule unyamavu. Hakulia, hakucheka, hakunyoosha mkono. Ukimpa anameza, usipompa anatazama ukuta. Kila asubuhi Koko alikuwa ananiuliza kwa macho, nami najaza kijiko kingine.

Ili mikono isikae bure, siku ya tatu Koko aliomba aone utepe tena. Aliugeuza, akaunusa, akasema kitu ambacho Loserian alikitafsiri huku akicheka kidogo. "Anasema utepe huu umetengenezwa na mtu asiyekuwa na ng'ombe." Alitoa shanga na uzi akaanza kutunga. Nilimpa vipimo. Mwisho wa uzi, mahali palipotakiwa kijani, alitunga shanga nyeupe kwa sababu ya maziwa. Katikati akaweka njano. Nikamuuliza mahali pa nyekundu ataweka rangi gani. Nilikuwa nimeanza kujifunza kuuliza.

"Hakuna," alisema. "Usiweke kitu. Zizi lisilo na ng'ombe huwa lina rangi gani?"

Pale pa hatari akaacha uzi mtupu. Ukiuzungusha mkononi mwa mtoto, fundo la mwanzo likakutana na uzi usio na shanga, hakuna mwanamke wa Kakesio atakayehitaji mkalimani. Nimekaa kwenye semina nyingi tangu siku ile, nikala biskuti nyingi, na sijaona kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko kile.

Siku ya sita nilikuwa namlisha Naserian mimi. Uvimbe ulikuwa umepungua na mifupa ikaonekana, akawa anatisha kuliko mwanzo. Nilimpa kijiko, akameza. Nikakawia kidogo na kijiko cha pili, maana Loserian alikuwa ananiongelesha. Mtoto alikunja uso. Akapiga kijiko kikaruka, akashika kikombe kwa mikono miwili, na nilipotaka kukirudisha, akapiga ukelele wa hasira uliogeuza vichwa vya wodi nzima.

Koko Noonkishu aliinuka sakafuni. "Amekasirika," alisema, na Loserian alitafsiri ingawa hakukuwa na haja. "Amekasirika. Mpe." Nilimpa Naserian kikombe, akajimwagia nusu, na nusu akainywa. Wale mnaofanya kazi hii mnajua: mtoto aliyevimba akianza kugombana na wewe, amekubali kuishi.

Tulimrudisha Kakesio mwezi uliofuata, kwa Landrova ileile, nikiwa na magunia ya unga na maharage ya Ganako yaliyoletwa na punda wa Endulen. Nilikuwa nimeandaa maneno. Usiku mzima nilikuwa nimeyapanga. Wanawake walikuwa wameketi, habari imewafikia yote, na hakuna aliyenisalimia kwa kucheka. Magunia yalikuwa mbele yangu, hakuna aliyeyatazama. Nikasimama, nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyeleta rangi bila kuuliza, na kwamba anayetaka kukataa unga wangu ana haki.

Koko Noonkishu alinivuta khanga. "Keti," alisema.

Alisimama yeye, fimbo mkononi. Naserian alikuwa miguuni pake, anamnyang'anya mtoto mwingine kibuyu. Loserian alinisogelea akanitafsiria sikioni.

"Niliivika njaa shanga," Koko alisema. "Nilizunguka nayo boma hadi boma, mkanisifu. Miguu ya mtoto mliiona. Hakuna aliyeniambia, na ingekuwa kwenu, nami nisingesema. Tunaogopa kuitaja mtoto asije akaisikia. Mtoto haisikii kwa masikio."

Akatoa nyuzi alizozitunga, kama ishirini hivi, akazigawa. Wanawake wakawazungushia watoto wao bila kutazamana. Kisha kila mmoja akafunika mkono wa mtoto wake kwa shuka. Nilimwona mama mmoja kijana, ameolewa hata miaka mitatu haijaisha, ameketi kati ya mama mkwe wake na wake wenza. Alikuwa ameufunika mkono wa mtoto, akaufunua, akaufunika tena.

Halafu alisimama. Alimwinua mtoto juu, mkono ukaonekana, na fundo lilikuwa limekutana na uzi mtupu. Mama mkwe alimshika shuka amkalishe. Yule binti aliitoa shuka mkononi mwa mkwewe polepole, kwa heshima.

"Wangu ana njaa," alisema.

Loserian alifungua mdomo atafsiri, nikamwonyesha kwa mkono aache. Nyuma yake mwanamke mwingine alikuwa anainuka na mtoto wake, na upande wa pili mwingine. Nilichukua kisu, nikafungua gunia.